UZI: Jinsi ya kuzitambua sarafu za Kiingereza zilizogongwa kwa nyundo, enzi za Tudor (1485–1603)

MtotoWaPangani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna watu wananiuliza haya mambo inbox, mmoja mmoja, na kila mara naandika yale yale. Nimeona niyaweke hapa mara moja ili na wengine wafaidike. Naishi mashariki mwa Uingereza mwaka wa tisa sasa, na huu wa sita nakusanya sarafu za wafalme wa Tudor. Ni watawala watano wa kukumbuka: Henry VII, Henry VIII, Edward VI, Mary na Elizabeth I.

Naanza na hii iliyo mezani hapa ninapoandika. Ni fedha, upana wake milimita 26 hivi, nyembamba kuliko shilingi mia ya kwetu, na ukiishika kwa vidole viwili unahisi imebonyea kidogo katikati kama kisahani. Upande mmoja kuna mwanamke mwenye taji, anatazama kushoto, ukosi wa mikunjo shingoni. Pua na shavu vimesagika hadi vimekuwa laini. Nyuma ya kichwa chake kuna ua la waridi, nusu yake imefutika. Upande wa pili kuna ngao juu ya msalaba mrefu, na juu ya ngao mwaka 1573.

Hakuna mahali palipoandikwa thamani, lakini ukiniamsha usiku wa manane nitakwambia ni peni sita ya Elizabeth. Kinachonipa uhakika ni waridi na mwaka.

Mwaka 1561 karakana ya sarafu ya London ilianza kumtolea Elizabeth peni sita, peni tatu, peni moja na nusu, na robo tatu ya peni. Zilikuja kukaa katikati ya sarafu zilizokuwepo tayari, na kwa ukubwa zinakaribiana mno. Sasa pangeni kuanzia kubwa kwenda ndogo: shilingi, yaani peni kumi na mbili, haina waridi. Peni sita inalo. Peni nne haina. Peni tatu inalo. Peni mbili haina. Moja na nusu inalo. Peni moja haina. Robo tatu inalo. Zinapishana hivyo hadi mwisho, na penye waridi pana mwaka pia. Muuza samaki asiyejua kusoma hata herufi moja alikuwa anageuza sarafu, anaangalia nyuma ya kichwa cha malkia, biashara inaendelea. Mimi hapo nilivua kofia.

Baada ya waridi, tafuta alama ya karakana. Hiki ni kichoro kidogo kinachokaa mwanzo wa maandishi ya pembezoni, juu kabisa. Ya kwangu ni mbegu ya mwaloni. Alama zilibadilishwa kila baada ya muda kwa sababu ya ukaguzi: baadhi ya sarafu zilizotengenezwa ziliwekwa kwenye sanduku, kisha zikapimwa mbele ya watu walioapishwa, waone kama uzito na ubora wa fedha ni halali. Ukaguzi ukiisha, kipindi kipya kinapata alama mpya. Kwa hiyo alama inakupa kipindi hata kama sarafu haina mwaka. Kwa Elizabeth utakutana na simba, ngome, upanga, kengele, kombe la baharini, hilali, mkono, pipa, ufunguo, nanga, na mwishoni kabisa tarakimu 0, 1 na 2 kwa miaka 1600, 1601 na 1602. Shilingi yenye nanga haina mwaka, lakini ukiona nanga umeshajua ni ya 1597 hadi 1600.

Kila mwaka usidhani una alama moja tu. 1573 ina mbegu ya mwaloni na ina nyingine pia, kwa sababu kipindi cha ukaguzi hakikufuata kalenda.

Maandishi ni Kilatini kilichofupishwa, U inaandikwa V. Upande wa malkia: ELIZABETH D G ANG FR ET HIB REGINA, kwa neema ya Mungu malkia wa Uingereza, Ufaransa na Ireland. Ufaransa hawakuwa nayo, hata Calais ilishawaponyoka mwaka 1558, lakini cheo walikishikilia, ndiyo maana kwenye ngao maua ya yungiyungi ya Ufaransa yamekaa na simba wa Uingereza. Upande wa ngao: POSVI DEVM ADIVTOREM MEVM, nimemfanya Mungu kuwa msaidizi wangu.

Naendelea. Maswali karibuni.

Fundi Saa

Mkuu uzi mzuri, nimekaa. Mimi ni mtu wa mashine, nataka kujua walizitengenezaje. Kwenye picha yako mduara haukukaa sawa, maandishi upande mmoja yameingia ukingoni yakakatika. Hiyo ni kuchakaa au ilizaliwa hivyo?

MtotoWaPangani

Imezaliwa hivyo, fundi. Kulikuwa na chapa mbili za chuma. Ya chini ilikuwa na mkia uliochongoka, unapigiliwa kwenye gogo isitikisike. Hiyo ndiyo kwa kawaida ilibeba uso wa mfalme. Kipande cha fedha kilichokatwa na kusawazishwa kinawekwa juu yake, fundi anashika chapa ya juu kwa mkono, kisha nyundo. Chapa ya juu ndiyo ilipokea pigo lenyewe, kwa hiyo ilikufa haraka kuliko ya chini, na ndiyo maana utakuta uso uleule umeolewa na migongo kadhaa tofauti.

Mkono ukiteleza kidogo, maandishi yanatoka nje. Ukigonga mara ya pili kipande kikiwa kimesogea, unapata herufi zenye kivuli, au malkia mwenye pua mbili. Hata chapa zenyewe zilichongwa kwa kugonga vijipande vya herufi kimoja kimoja, kwa hiyo kijipande cha herufi kikivunjika kona, utaona jeraha hilohilo kwenye sarafu nyingi. Kwa mtu wa lenzi kama wewe, hapo pana kazi ya miaka.

Mashine walijaribu. Mfaransa Eloye Mestrelle alifunga mtambo wa skrubu pale Tower, ngome ya London yenye karakana ya sarafu, mwaka 1561, na hadi 1571 akatoa sarafu za Elizabeth za duara safi, ukingo uliopangika, herufi zilizonyooka. Ukiziweka kando ya za nyundo utadhani zimepishana miaka mia. Lakini mtambo ulikuwa wa polepole, na mafundi wa nyundo hawakuutaka. Aliondolewa, akaishia kwenye kesi ya kughushi sarafu, akanyongwa Norwich mwaka 1578. Napita mji huo kila wiki na bado naumia nikimkumbuka. Kwa hiyo ukikuta peni sita ya Elizabeth ya duara safi mno, usiitupe kwa kudhani ni bandia. Angalia alama kwanza, kama ni nyota, huenda umeshika kazi yake.

Fundi Saa

Nimeelewa. Na uzito? Mizani ya sonara ninayo.

MtotoWaPangani

Mizani ndiyo rafiki wa kwanza. Kabla ya 1601 shilingi ilitakiwa iwe gramu 6.2 na peni sita gramu 3.1. Kuanzia 1601 zikapungua kidogo, shilingi gramu 6.0. Yangu inasoma 2.84, upungufu wa kawaida kwa sarafu iliyotembea.

Ikishuka sana, kagua ukingo. Kama duara la vitone linalozunguka maandishi limetoweka na herufi zimekatwa vichwa, kuna mtu alipita na mkasi. Walikata vipande vyembamba, wakayeyusha, wakauza fedha. Chini ya Elizabeth huo ulikuwa uhaini, adhabu kifo, na bado walikata.

MsomiLeeds

Shikamooni wakubwa. Kaka MtotoWaPangani, nimenunua hii Jumamosi kwenye mnada wa vitu vya kale, ndani ya boksi la vifungo vya makoti. Aliyeniuzia alisema ni Henry VIII. Mtu ananitazama uso kwa uso, ana taji, kushoto kwake waridi, kulia kuna XII. Ni pana, milimita 32. Naweka picha, ingawa simu yangu si nzuri.

MtotoWaPangani

Marahaba mdogo wangu. Ina gramu ngapi? Na rangi yake kwenye sehemu zilizosagika, puani na kwenye taji, ni nyeupe au inaelekea wekundu?

MsomiLeeds

Nimeipeleka maabara ya chuo, 5.93. Nyeupe, hakuna wekundu kabisa. Maandishi nasoma EDWARD VI D G AGL FRA Z HIB REX, nadhani.

MtotoWaPangani

Basi umejijibu mwenyewe. Huyo ni mtoto wa Henry. Ni shilingi ya Edward VI, fedha nzuri, ya kati ya 1551 na 1553. XII ni peni kumi na mbili, na hiyo Z inasimama badala ya neno "na" la Kilatini.

Nieleze kwa nini nimeuliza rangi, maana hapa ndipo habari yenyewe ya enzi hii ilipo. Mwaka 1544 Henry VIII alihitaji hela za vita na Ufaransa na Scotland. Akaanza kuchanganya shaba kwenye fedha ya taifa, kila toleo baya kuliko lililotangulia, hadi sarafu ikabaki na theluthi moja tu ya fedha. Walizipa ngozi nyeupe juu ili zionekane safi. Sarafu ikitembea mfukoni, sehemu inayotangulia kusagika ni iliyoinuka kuliko zote, na kwa sura inayokutazama uso kwa uso, hiyo ni pua. Shaba ikachungulia. Watu wakamwita mfalme wao Pua ya Shaba. Sina nakala nzuri ya sarafu hizo lakini niliwahi kuishika moja: kijivu cha udongo, na katikati ya uso doa jekundu, dogo kama punje ya mtama.

Edward alirithi balaa hilo akiwa na miaka tisa. Miaka ya mwanzo sarafu nyingi ziliendelea kutoka na jina na sura ya baba yake aliyekwisha kufa, kwa hiyo "Henry" si lazima iwe ya wakati wa Henry. Kichemsha bongo kingine: Henry VIII mwenyewe alipoingia 1509 aliendelea na sura ya baba yake kwenye peni nne hadi 1526, akabadilisha namba tu, VII ikawa VIII. Mtu anayetambua kwa sura peke yake atakosea pande zote mbili. Soma namba.

Mwaka 1551 ndipo fedha nzuri iliporudi, na yako imetoka humo. Zile shilingi mbovu za Edward zilizobaki mitaani, Elizabeth alizipigia mhuri mwaka 1560: zenye unafuu zikapata lango la chuma la ngome na kuthaminiwa peni nne na nusu, mbovu zaidi zikapata mbwa wa mbio na kuthaminiwa peni mbili na robo. Kisha zikakusanywa zikayeyushwa. Ukiona shilingi ya Edward yenye mhuri mdogo usoni, shika kwa mikono miwili.

Sasa nitafutie alama ya karakana. Inatakiwa iwe juu ya taji, mwanzo wa EDWARD.

MsomiLeeds

Hapo pamesagika kaka. Naona kitu kama doa. Nitajaribu tena kesho mchana.

Bint Vuga

Assalaam aleykum. Mimi nasoma tu, sina sarafu za Waingereza, nina za Kilwa mbili alizoniachia marehemu babu, za shaba, ndogo kama ukucha. Lakini ile XII imenigusa, shilingi yetu imetoka huko huko. Je, hizi za Tudor zina uhusiano wowote na pwani yetu?

MtotoWaPangani

Waaleykum salaam dada. Za Kilwa zitunze, maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, jambo ambalo hao wa London hawakulifikiria.

Uhusiano upo, na mwembamba kidogo, lakini ni wa kweli. Meli ya James Lancaster, Edward Bonaventure, ilitia nanga Zanzibar kuanzia Novemba 1591 hadi Februari 1592, zama za Wareno. Ni huyohuyo Lancaster aliyeongoza safari ya kwanza ya Kampuni ya India Mashariki mwaka 1601. Kwa safari hiyo karakana ya Tower iligonga sarafu za pekee, mwaka 1600 na 1601, zenye lango la chuma la ngome lenye taji juu yake. Uzito wake ulifuatishwa na riale za Kihispania, kubwa yake ikiwa sawa na riale nane, kwa sababu ndizo wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walizozijua na kuziamini. Hizo ni adimu na ghali mno, mimi nimeziona nyuma ya kioo tu.

Na hesabu yenyewe tuliirithi. Shilingi ishirini pauni moja, wazee wetu walihesabu hivyo hadi juzi. Shilingi tano tukaiita dala. Edward VI ndiye aliyetoa sarafu ya kwanza ya fedha ya shilingi tano, 1551, mfalme juu ya farasi na mwaka chini yake.

Jongoo_95

Mkuu mimi niko Nairobi, nimeagiza peni nne moja imefika nyeusi ti. Nisafishe na nini? Ndimu inafaa?

MtotoWaPangani

Usiiguse na ndimu. Tafadhali.

Nilipoanza nilikuwa na peni nne ya Philip na Mary. Juu yake Mary yuko peke yake, lakini maandishi yanamtaja na mumewe Mhispania, na hata sala imegeuka wingi: POSVIMVS, tumemfanya Mungu msaidizi wetu, si POSVI tena. Ilikuwa na weusi ulioingia nyuma ya herufi, herufi zenyewe zimebaki nyeupe, inasomeka kama gazeti. Nikaona ni uchafu. Bibi yangu alikuwa anasugua sufuria kwa ndimu na majivu hadi unajiona uso, nami nikafanya vilevile. Dakika mbili tu. Ikatoka nyeupe ya mauti, imejaa mikwaruzo, na zile herufi zilizokuwa zinasimama zikazama kwenye mng'ao, hadi sasa inabidi niinamishe taa kuzisoma. Weusi ule ulikuwa na zaidi ya miaka mia nne. Ninayo bado, siwezi kumuuzia mtu.

Kama ina udongo, iloweke kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, iache, badilisha maji, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kusugua. Weusi uache.

Jongoo_95

Nimekuskia. Na nitajuaje si feki? Nimelipa pesa nzuri.

MtotoWaPangani

Pima. Kisha zungusha ukingo polepole chini ya lenzi. Sarafu ya nyundo ukingo wake una nyufa ndogo ndogo pale fedha ilipotawanyika kwa pigo. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina mstari wa kiungo unaozunguka, au umesuguliwa kuuficha, na uso una vijitundu vya hewa na uvimbe kama chunusi, herufi zimevimba kama zimelowa.

Niliwahi kununua mtandaoni peni sita ya 1561 kwa mtu ambaye sitamtaja. Mizani ikasoma 3.9. Hakuna nyundo inayoongeza fedha. Siku chache baadaye nikaona ingine inauzwa, mwaka uleule, na kovu lilelile kwenye shavu, na ufa uleule ukingoni. Za nyundo hazifanani mbili kamwe kwa makovu. Ukiona pacha, zote mbili achana nazo. Pesa yangu haikurudi.

Tofautisha na bandia za zamani, za enzi zenyewe: moyo wa shaba, ngozi ya fedha. Hizo zina wakusanyaji wake, na mimi ninayo moja naipenda.

Kununua, anza na peni sita iliyochakaa lakini inasoma mwaka na alama. Chini ya pauni 100 zipo, kwa wauzaji wanaokupa risiti na kurudisha hela ukithibitisha ni bandia. Na iwapo imetoka ardhini, uliza karatasi za kibali cha kuitoa nje ya Uingereza kabla hujalipa.

Kwa mlio huku na mnaotamani detekta, kile kifaa cha kutafutia metali ardhini: omba ruhusa ya mwenye shamba kwa maandishi. Ufukwe wa mto Thames unahitaji kibali cha mamlaka ya bandari ya London. Sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye zaidi ya miaka 300, zikitoka mahali pamoja, ni hazina kwa sheria ya 1996, na una siku 14 kuripoti. Sarafu moja mara nyingi hairipotiwi kwa lazima, lakini iandikishe kwa hiari. Kumbukumbu hizo zinaratibiwa na British Museum, zina vitu zaidi ya milioni moja, na yeyote anaziangalia bure mtandaoni, hata akiwa Nairobi. Mimi nimejifunza kutambua humo kuliko popote: fungua peni sita mia mbili zilizochakaa, jioni baada ya jioni, na jicho linazoea.

MsomiLeeds

Kaka, nimerudi. Nimezima taa ya chumba, nimelaza tochi ya simu mezani, mwanga ukaja ubavuni. Lile doa lina umbo. Limelala, limenenepa katikati, na lina mistari miwili inayolizunguka. Ni pipa?

MtotoWaPangani

Ni pipa! Hongera sana.

Shilingi hizi zina alama mbili tu. Herufi y ni ya karakana ya Southwark, chini ya Sir John Yorke. Pipa ni ya Tower, chini ya Throgmorton, na silabi ya mwisho ya jina lake ukiitamka inakaribia neno la Kiingereza la pipa, tun. Wakubwa wa karakana waliacha saini zao juu ya kichwa cha mfalme, na saini hiyo imekaa kwenye boksi la vifungo ikikungoja.

Tafuta bahasha ndogo ya karatasi, usitumie plastiki laini, na uandike kwa penseli: Edward VI, shilingi, 1551–1553, Tower, pipa, mm 32, g 5.93. Andika na mahali uliponunua na tarehe. Kisha piga tena ile picha ya mwanga wa ubavuni, utuwekee hapa.